Uhaba wa Mababu katika Nyumba ya Quastheim

Katika mji wetu wa Niederquast, mtu aliyetaka kuchorwa na mikono inayoeleweka alikwenda kwa Fundi Korbinian Dürrnagel, na mikono ilichorwa na mkewe. Mke huyo, Apollonia, ndiye aliyechora pia hariri, lesi, vifungo, mbwa, mapazia, na lile wingu la mbali ambalo makabaila hupenda kusimama mbele yake kana kwamba wameliagiza wenyewe. Korbinian alichora nyuso, tena vibaya, halafu akatia sahihi, tena vizuri sana. Waliishi hivyo miaka ishirini na miwili. Watu walipomsifu fundi kwa mikono ya ajabu, yeye aliitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa imeshika bia, akasema ni Mungu tu.

Siku ya Malaika Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, mwaka 1767, chama cha wachoraji kilipofanya karamu yake, Korbinian alikabwa na mwiba wa samaki akafa mezani. Wenzake walisikitika sana, maana bata bukini alikuwa bado hajaletwa, na alipoletwa alikuwa amepoa.

Chama kilikuwa na sheria ya huruma kwa wajane. Mjane aliruhusiwa kuendesha karakana ya marehemu kwa mwaka mmoja na siku moja. Baada ya hapo ama aolewe na mwanachama, ama akabidhi funguo. Huruma hiyo ilitungwa na wanaume kumi na wanne, ambao wakati wa kuitunga walikuwa hai wote.

Masika yalipofika, mkuu wa chama, Fundi Lorenz Habermehl, alikuja na mpwa wake Gangolf. Gangolf alikuwa na miaka thelathini, mabega ya kubeba mapipa, na kazi ya kuchora mabango ya vilabu vya pombe.

"Shemeji," alisema Habermehl, akikalia kiti cha marehemu bila kukaribishwa, "nimekuletea suluhisho."

"Naliona," alisema Apollonia. "Limesimama mlangoni linakula tufaha."

"Gangolf ni mchoraji."

"Gangolf kachora simba wa klabu ya Löwen. Wageni wanaingia wakiulizia kondoo wa kuchoma."

"Ni simba mpole, Mama," alisema Gangolf, mdomo umejaa.

"Usimwite Mama!" Habermehl alimkaripia. "Huyu unamwoa!"

"Samahani. Ni simba mpole, Bibi."

Habermehl alizungusha macho chumbani. Alilitazama dirisha kubwa la kaskazini, akalitazama tena, kama mtu anayetazama paja la nyama dukani. "Mpaka Mikaeli, shemeji. Ndoa au funguo. Mimi ningependa ndoa, kwa heshima ya marehemu. Lakini funguo nazo nitazipokea."

Apollonia alikuwa na miaka arobaini na saba. Hakuwa na mtoto wala shamba. Alikuwa na chumba hicho, na mwanga wa dirisha hilo, ambao alikuwa ameupenda kuliko alivyowahi kumpenda Korbinian, kwa kuwa mwanga haukoromi. Bila karakana angekwenda kuwafulia watu nguo, au mbaya zaidi, angemfulia Gangolf. Njia ya tatu ilikuwa moja tu. Mtu mwenye hati ya Baroni, inayosema ni mchoraji wa nyumba yake, chama hakikuweza kumgusa. Lakini Baroni von Quastheim hakuwahi kumwandikia mtu hati. Baroni alikuwa msituni. Alikwenda kuwinda akiwa na miaka tisa na kwa kweli hakurudi, ila kwa chakula na kwa harusi yake.

Kasri liliendeshwa na mkewe, Bibi Adelgunde, ambaye alikuwa binamu yake kwa mama, binamu yake tena kwa baba, na kwa hesabu nyingine ambayo padri alikataa kuimaliza, shangazi yake. Mwezi wa Mei akamwita Apollonia.

Shida ya Bibi Adelgunde ilikuwa binti yake Philippine, wa miaka kumi na tisa. Binti alikosa mchumba, kwa sababu kila kijana aliyefaa katika majimbo yale alikuwa tayari mjomba wake. Kwa hiyo iliamuliwa aende Nyumba ya Mabibi ya Marienstolz, ambako mabinti wa makabaila humtumikia Mungu kwa chokoleti, karata na kijakazi mmoja mmoja. Ila si kila binti anapokelewa. Lazima athibitishe kwamba ukipanda vizazi vinne juu yake, hadi kwa wale wazazi kumi na sita wanaokaa pale kileleni, wote walikuwa makabaila, hakuna hata muuza vitunguu. Mungu wa Marienstolz, yaelekea, hasikii sala ya mtu mwenye mababu kumi na watano.

"Septemba wanakuja mabwana wawili kula kiapo cha kuthibitisha," alisema Bibi Adelgunde. "Nataka wakute picha za wote kumi na sita ukumbini. Misumari imeshapigwa. Picha za zamani ziko darini, utazisafisha."

Apollonia akapanda darini. Akashuka baada ya saa nzima, na buibui kichwani.

"Bibi Mkubwa, nimekuta tisa."

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta. Nimeangalia na karatasi ya ukoo. Hata humo wamo tisa tu. Huyu Bwana Eginhard peke yake ni babu mara tatu. Mkewe mara mbili. Huyu mwenye mbwa ameoa dada wawili, mmoja baada ya mwingine, na watoto wao wakaoana."

Hapo nieleze kitu. Ukoo wa mtu wa kawaida ni mti, una matawi. Ukoo wa Quastheim ulikuwa mlingoti.

Bibi Adelgunde aliinuka kitini. Uso ulimwiva, kwanza masikio, kisha shingo. "Unataka kusema," alisema polepole, "kwamba tumeishiwa mababu?"

"Sisemi hivyo, Bibi Mkubwa. Nasema wapo, ila wamejirudia."

"Jirani yangu von Ellrich ana wazee thelathini na wawili ukutani. Thelathini na wawili! Na babu yake alikuwa mlevi wa kuanguka mitaroni. Mimi nitundike tisa, niache misumari saba mitupu, wageni watundike kofia?"

"Tunaweza kuing'oa misumari."

"Mwanamke wewe! Misumari kumi na sita, nyuso kumi na sita. Hizo saba zitafute."

"Nizitafute wapi?"

"Sijui. Wewe ndiye mchoraji. Mimi huwa naziona zikiwa zimekwisha."

Apollonia akaona mlango umefunguka, akaingiza mguu. Akasema atazitafuta, ila malipo yake yawe hati: mchoraji wa nyumba ya Quastheim, kwa jina lake mwenyewe, maisha yake yote. Bibi Adelgunde akakubali upesi, kama wanavyokubali watu ambao kukubali hakujawahi kuwagharimu kitu.

Philippine, aliyekuwa kwenye kiti cha dirishani akila keki, akauliza, "Mama, na huko Marienstolz kuna wajomba?"

"Hakuna wanaume kabisa, mwanangu."

"Basi mchoraji ajitahidi," alisema Philippine, akachukua keki nyingine.

Majira yote ya joto Apollonia alichora. Nyuso alizitoa pale nyuso zilipo, yaani sokoni. Mke wa kinyozi akawa Kunegunde von Quastheim, aliyekufa kwa huzuni. Mwoka mikate akawa askofu. Mchinjaji, Balthasar Krumm, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alivishwa kifua cha chuma kilichoazimwa kwa mlinzi wa lango, akawa jenerali aliyewapiga Waturuki.

"Nikae vipi, jirani?" aliuliza Balthasar.

"Kaa kama mtu ambaye hajafanya kazi hata siku moja."

Balthasar akajaribu. Jasho likamtoka. "Siwezi. Naona kama naumwa."

"Basi kaa kama mtu anayemwangalia mteja anayetaka kukopa."

Uso wa Balthasar ukabadilika papo hapo. Kope zikashuka, pua ikapanda, midomo ikakauka. Apollonia akachora mbio kabla hajasahau. Ulikuwa uso wa kikabaila kuliko makabaila wote tisa wa darini, na nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu wa Niederquast alielewa tabaka lile linatoka wapi.

Mwishoni mwa Agosti picha zote zilikuwa zimekauka na kutundikwa, na Bibi Adelgunde alipita ukumbini kila asubuhi akiwasalimu jamaa zake wapya kwa kichwa.

Siku sita kabla ya Mikaeli wakaja waapaji. Mmoja alikuwa kiziwi na alikuja kwa ajili ya chakula. Wa pili, Bwana von Stauchenegg, ndiye aliyekuwa hatari. Mzee mkavu, nywele za bandia zimejaa poda, miwani ya mkono, na daftari la koo za jimbo zima kwapani. Ilisemekana alimfukuza binti mmoja Marienstolz kwa sababu bibi wa bibi yake alikuwa mtoto wa mwanasheria. Apollonia aliamriwa asimame karibu na mlango, avutevute fremu zikipinda. Alikuja na kisanduku chake cha rangi, maana fundi haachi kisanduku nyumbani siku ya kukabidhi kazi.

Von Stauchenegg alitembea ukutani, akihesabu kwa midomo. Akarudi alikoanzia. Akahesabu tena.

"Bibi Adelgunde, kwenye karatasi mliyonitumia wamo watu tisa."

"Ndiyo, lakini sisi..."

"Ni ukoo mzuri ajabu. Niliposoma niliita wanangu waone. Eginhard mara tatu! Siku hizi huoni tena kitu kama hicho."

Bibi Adelgunde akautazama ukuta. "Si... si lazima wawe kumi na sita?"

"Nafasi ndizo kumi na sita. Sheria inahesabu viti, bibi, haihesabu makalio. Mtu mmoja akikalia viti vitatu ni vizuri zaidi, damu haijatoka nje kutembea." Akainua miwani. "Ndiyo maana nauliza. Hawa saba wengine ni akina nani?"

Hata yule kiziwi akageuka.

Nani angedhani? Bibi Adelgunde alikuwa na karatasi ya ukoo safi kuliko zote jimboni, akaenda kuichafua kwa gharama zake kwa sababu aliona haya kwa misumari. Apollonia aliona hati yake ikiyeyuka, na Gangolf akija na tufaha.

"Hawa tisa," aliendelea mzee, "nawatambua gizani. Tazama kidevu. Kidevu cha Quastheim, kama droo iliyosahauliwa wazi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nacho, na mimi ninacho." Akakisogeza mbele, na kweli, ungeweza kuweka kikombe. "Hawa saba hawanacho. Huyu askofu ana kidevu cha mtu anayelala vizuri. Na huyu jenerali..." Akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kitambaa. "Huyu nimemwona. Tena juzijuzi."

Alikuwa amemwona asubuhi ileile. Alikuwa amesimamisha farasi mbele ya duka la Balthasar akanunua soseji.

Philippine alianza kucheka, akajifanya anakohoa. Bibi Adelgunde alimtazama Apollonia kwa macho ya mtu anayetafuta wa kumtundika kwenye msumari wa kumi na saba.

Apollonia akapiga goti. "Bwana anisamehe, kosa ni langu. Kazi haijaisha. Hao ni walewale tisa, ila katika umri mwingine: kabla ya ndui, baada ya ndui, kabla ya ndoa, baada ya ndoa. Videvu bado sijaweka."

"Hujaweka?"

"Kidevu huwekwa mwisho, Bwana. Ndicho kizito kuliko vyote. Ukikitanguliza, uso wote unateremka."

Kwa kweli hakuna mchoraji duniani anayefanya hivyo. Lakini von Stauchenegg alikuwa kabaila, na kabaila hana habari vitu vinatengenezwaje. Akaitikia kwa kichwa, kwa busara. "Ndivyo nilivyosikia. Endelea."

Apollonia akapanda ngazi na kibao chake cha rangi. Kidevu cha Quastheim alikijua kama anavyojua tundu la soksi yake: alikuwa amekisafisha mara tisa mwezi Mei. Nyekundu kidogo, manjano ya udongo, kivuli chini ya mdomo, kisha ile shelfu. Askofu akapata kidevu, akaonekana mara moja mjinga na mwenye mashamba. Kunegunde akapata kidevu, huzuni yake ikageuka kiburi. Kila kidevu kilipotokea, mzee alipiga ukelele chini yake.

"Ndiye! Eginhard baada ya ndui! Ningemjua popote!"

"Macho ya Bwana ni makali," alisema Apollonia kutoka juu.

"Na huyu ni mkewe, kabla hajanenepa! Loo, kumbe alikuwa mzuri!"

Mwisho ulibaki wa jenerali. Apollonia alimwekea kidevu kikubwa kuliko vyote, kwa hofu. Mzee aliinua miwani, akaishusha, akaiinua tena. Kisha akaanza kutikisika mabega, na Bibi Adelgunde akashika meza.

Alikuwa anacheka. "Sasa nimeelewa! Asubuhi nimeuziwa soseji na mtu mwenye uso huu huu! Hana kidevu, lakini macho haya, pua hii! Eginhard, mzee wangu, hukutulia hata kidogo!" Akampigia kiziwi kelele sikioni: "EGINHARD! ALIPITA KWA MCHINJAJI!"

Kiziwi akafurahi sana, akauliza kama soseji ni nzuri.

Basi wote wakapumua, kwa maana mwana wa haramu kwa mchinjaji hakumwondolea kabaila kitu, bali aliongeza ushahidi kwamba alikuwapo. Von Stauchenegg akasema atakula kiapo na kuandika jina la Philippine daftarini, lakini baada ya chakula, kwa sababu ameambiwa kuna samaki. Wakaingia chumba cha kulia, mlango ukaachwa wazi nusu.

Apollonia akabaki na Bibi Adelgunde. "Bibi Mkubwa, naomba hati yangu."

"Hati gani?"

"Ya Mei."

"Aa, ile." Bibi Adelgunde alikuwa amepata rangi yake, na pamoja na rangi, tabia yake. "Baroni yuko msituni. Na baada ya aibu uliyonitia leo, ungeshukuru nikikusahau. Askofu hana kidevu! Nani aliniambia nitundike saba wa ziada?"

"Ni Bibi Mkubwa."

"Mimi huwa siambiwi hivyo."

Apollonia alifungua kisanduku chake, akatoa kitambaa na chupa ya tapentaini, akaisogeza ngazi chini ya jenerali.

"Unafanya nini?"

"Nachukua rangi yangu, Bibi Mkubwa. Nyuso ni zako, zimekauka tangu Agosti, siwezi kuzitoa. Videvu ni vya leo, bado vibichi. Vinatoka kwa kufuta mara moja." Akalowesha kitambaa. Harufu ikajaa ukumbi. "Mabwana wakimaliza samaki, Bibi Mkubwa atawaeleza vimekwenda wapi."

Kutoka chumba cha kulia sauti ya von Stauchenegg ilikuwa ikimweleza kiziwi, kwa mara ya pili, habari za Eginhard. Kitambaa kikagusa ncha ya kidevu cha jenerali. Pakatokea alama ndogo, na chini yake akachungulia Balthasar.

"Acha," alisema Bibi Adelgunde.

Muhuri wa Baroni ulikuwa kwenye droo ya meza ya chai, chini ya karata. Hati iliandikwa kwa mistari minne, na nta ikamwagika kwa sababu Bibi Adelgunde aliugonga muhuri kwa nguvu, kwa hasira si kwa woga, makabaila hawana woga. Apollonia aliisoma yote, akaomba neno "mjane wa Dürrnagel" lifutwe liandikwe "Apollonia Dürrnagel", akasubiri likaushwe kwa mchanga, ndipo akapanda ngazi na kumrudishia jenerali ncha yake.

Philippine alikwenda Marienstolz kabla ya theluji. Barua yake ya kwanza nyumbani ilisema chokoleti ni nzuri na wajomba hawapo, na tangu hapo hakuandika. Balthasar, habari zilipomfikia, alianza kutembea amesukuma taya mbele na kuwaambia wateja nyama ya leo ni kwa hisani yake, mpaka mkewe alipomuuliza mbele ya watu kama ameumwa jino.

Siku ya Mikaeli ikapita, na siku moja juu yake. Asubuhi Habermehl akaja karakanani, nyuma yake Gangolf, amevaa koti la harusi lisilofunga.

"Shemeji, tarehe unaijua."

"Naijua." Alikuwa anachora mkono wa mke wa hakimu wa mji, na hakugeuka. "Karatasi iko hapo kwenye meza. Isome kwa sauti, Gangolf naye asikie."

Habermehl akasoma kwa sauti mstari wa kwanza. Iliyobaki akaisoma kimya. Akaigeuza kutazama nyuma. Akaunusa muhuri.

"Baroni hatoi hati," alisema.

"Mwulize mwenyewe. Yuko msituni."

"Mwanamke hawezi kuwa fundi wa nyumba ya kabaila. Haijawahi kutokea."

"Basi mpelekee Bibi Adelgunde malalamiko. Mwambie umekuja kupinga picha zake. Nenda sasa hivi, yuko ukumbini anawasalimu wazee."

Habermehl alivaa kofia, akavua, akavaa tena. Alilitazama dirisha la kaskazini kwa mara ya mwisho, akatoka bila kuaga, akaacha mlango wazi. Gangolf hakutoka. Alifungua vifungo vya koti kimoja kimoja, tumbo likarudi mahali pake, akashusha pumzi.

"Mama," alisema, "sikutaka kukuoa."

"Hata mimi nilikuonea huruma, mwanangu."

"Yule simba. Kosa lake hasa ni nini?"

Apollonia akaweka brashi chini, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu masika. "Miguu," alisema. "Umempa ya kondoo. Funga mlango, mwanga unakimbia, halafu vua hilo koti uje nikuonyeshe."